Edward Steere na hesabu ya ngeli

Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, wilayani Kasulu, kuna kata iitwayo Rungwe Mpya. Jina hilo ni fupi, lakini limebeba kanuni ambayo wanafunzi wengi huikosea na walimu wengi huifundisha kwa shida. Kivumishi *-pya* hapa kimekuwa *mpya*, si *kipya* wala *jipya*, kwa sababu majina ya miji na vijiji hufuata upatanisho wa *nyumba*. Ndiyo maana husemwa *Kibondo ina baridi* na *Kigoma imekua*, ingawa majina yote mawili huanza na silabi *ki-* sawasawa na *kiti* na *kisu*. Anayesema *kigoma kimekua* ameacha kuzungumzia mji. Anazungumzia ngoma ndogo. Umbo la nomino limesema jambo moja, kitenzi kimesema jingine, na kitenzi ndicho kinachoaminiwa.

Mtu aliyeieleza sheria hii kwa maandishi mapema, na kwa namna ambayo vitabu vya shule vingali vinaifuata bila kumtaja, ni Edward Steere, askofu wa tatu wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Hakufika Kasulu wala Kibondo. Maisha yake ya Kiafrika yalipita Unguja na katika safari za kusini, lakini kazi aliyoifanya katika nyumba ya mawe mjini Zanzibar ndiyo iliyoamua, kwa sehemu kubwa, ni Kiswahili kipi ambacho mtoto wa Kigoma angekuja kusahihishwa nacho darasani.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika chuo kikuu cha jiji hilo, akapata shahada ya udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akaidhinishwa kuwa wakili. Uwakili haukumshika. Alivutwa na huduma ya kanisa, akawa shemasi mwaka 1856 na kasisi mwaka 1858, mwaka uleule alipooa. Alihudumu Devon, kisha Lincolnshire, mwisho katika parokia ndogo ya Little Steeping. Katika ujana wake alikuwa amejifunza pia kazi ya kuchapa, ufundi ambao wakati huo ungeonekana kuwa wa kupitisha muda tu, nao ukaja kumfaa kuliko sheria. Hata hivyo sheria ilimwachia tabia moja inayoonekana katika kila ukurasa wa sarufi yake: kutokubali kanuni mpaka ameona inavyofanya kazi katika kesi ngumu.

Lugha aliyolelewa nayo haikumwandaa kwa kazi iliyokuwa ikimngoja. Kiingereza kimepoteza karibu upatanisho wake wote kati ya kiima na kitenzi. Katika wakati uliopo, nafsi ya tatu ya umoja peke yake ndiyo hupata alama, ile *-s* ya *the child reads*, na wingi wake, *the children read*, hauna alama yoyote. Katika wakati uliopita hata tofauti hiyo hutoweka, isipokuwa katika kitenzi cha kuwa, kinachotenga *was* na *were*. Tena alama yenyewe ina kejeli yake: *-s* inayoonyesha wingi katika nomino ndiyo hiyohiyo, kwa sauti, inayoonyesha umoja katika kitenzi. Mwanafunzi wa Kitanzania anayeandika *the boys plays* hakosi akili. Anatafuta katika Kiingereza kile ambacho lugha yake humpa kila mara, yaani sauti ya kiima inayosikika tena ndani ya kitenzi. Mwingereza, kwa upande wake, amezoea kuiachia nomino kazi yote ya kuhesabu. Steere aliingia katika Kiswahili na mazoea hayo, na sehemu kubwa ya ufundi wake ilikuwa kuyaacha.

Safari yake ya Afrika ilianza kwa urafiki. Mwaka 1863 William George Tozer, rafiki yake wa Lincolnshire, aliteuliwa kuwa askofu wa misheni iliyokuwa imekwama katika nchi za mto Zambezi baada ya kifo cha askofu wa kwanza, Mackenzie. Steere alikubali kumsindikiza kwa muda. Walikaa mlimani Morambala, wakaona kwamba homa na vita vya kukamata watumwa havingewaacha wafanye kazi, na mwaka 1864 Tozer akaamua kuhamisha makao. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo walitia nanga Zanzibar. Uamuzi huo ulilaumiwa sana Uingereza, ukahesabiwa kuwa ni kukimbia. Kwa historia ya lugha ulikuwa na matokeo makubwa, kwani uliwaweka wageni hao katika mji ambao misafara yote ya bara ilianzia na kuishia, na ambao Kiswahili chake kilikuwa kinapandishwa na wapagazi hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika.

Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa na kutolewa kwa askofu na Sultani Majid bin Said. Walikuwa watoto wa bara, wenye lugha zao, waliokuwa wakijifunza Kiswahili wakati uleule na mwalimu wao. Wawili kati ya waliolelewa hapo mwanzoni, John Swedi na George Farajallah, walikuja kupewa daraja za chini za kanisa mwaka 1870. Hali hii yafaa kukumbukwa na kila asomaye sarufi ya Steere. Hakujifunza Kiswahili kwa vitabu, wala hakujifunza kwa watu wa aina moja. Barazani alikuwa na masheikh wenye elimu ya Kiarabu. Darasani alikuwa na watoto waliotamka Kiswahili kwa ndimi za Kiyao na Kinyasa. Alisikia kile ambacho wote walikubaliana, na alisikia mahali walipotofautiana.

Kwa watoto hao kulikuwa na jambo la kisarufi ambalo halikuwa la kisarufi tu. Mjini Zanzibar mtoto wa kiume aliyekuwa mtumwa aliitwa *kitwana*, na wa kike *kijakazi*. Majina yote mawili yana umbo la *kiti*. Yamepewa kiambishi cha vitu na cha udogo. Lakini kitenzi hakikukubali kuyafuata. Ilisemwa *kijakazi amekuja, vijakazi wamekuja*, kama isemwavyo *kifaru amelala, vifaru wamelala* na *kipofu anaimba, vipofu wanaimba*. Msemaji aliyetaka kudharau aliweza kweli kusema *kitoto hiki kimekuja*, na dharau yake ikasikika mara moja, kwa kuwa alikuwa ameondoka katika kawaida ya lugha. Kawaida yenyewe ilikuwa kwamba mwenye uhai hupata *a-* na *wa-*, awe amepewa jina la umbo lolote.

Steere hakuwa wa kwanza kuandika sarufi ya Kiswahili. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa ametoa muhtasari wa lugha hiyo huko Tübingen mwaka 1850, na alikuwa ameona waziwazi kwamba viambishi vya nomino hurudiwa katika sentensi nzima. Krapf alikuwa mtu wa upeo mpana, lakini vitabu vyake vilichanganya Kimvita na lugha za jirani, na mpango wake ulimchosha mwanafunzi. Huko Cape Town, Wilhelm Bleek, naye Mjerumani, alikuwa akilinganisha lugha za kusini mwa Afrika. Mwaka 1862 alitoa sehemu ya kwanza ya sarufi yake linganishi, kitabu kilicholipa jina Bantu nafasi yake katika elimu ya lugha na kuzipa ngeli namba. Bleek alihesabu umoja peke yake na wingi peke yake: ngeli ya 1 ni *mu-*, ya 2 ni *ba-*, ya 3 *mu-* nyingine, ya 4 *mi-*, na kuendelea.

Njia ya Steere ilikuwa tofauti, na tofauti hiyo ilitokana na haja yake. Bleek aliandikia wataalamu wa Ulaya waliotaka kuona undugu wa lugha. Steere aliandikia mtu atakayeshuka melini kesho na kuhitaji kuagiza maji bila kuchekwa. Alianza kuchapa orodha za maneno na mazoezi kwa mashine ndogo ya misheni, wavulana wakipanga herufi. Kazi hiyo ina somo lake la sarufi: kasha la herufi lililogawanywa kwa kipimo cha Kiingereza huishiwa upesi na *a*, *k* na *w* mtu anapopanga Kiswahili, kwani upatanisho hurudia silabi zilezile tangu nomino hadi kitenzi. Mpangaji wa sentensi kama *watoto wangu wadogo wawili wamekwenda wenyewe* huhesabu ngeli kwa vidole.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na mwaka 1870 vikatoka vitabu viwili vilivyomjengea jina: *A Handbook of the Swahili Language as Spoken at Zanzibar*, na mkusanyiko wa hadithi, *Swahili Tales*, uliopangwa kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Cha pili ndicho ushahidi wa cha kwanza. Hadithi hizo, kama ile ya Goso Mwalimu na ile ndefu ya Sultani Darai, zilisimuliwa na watu wa Zanzibar kwa lugha yao wenyewe, na msomaji aliyetilia shaka kanuni yoyote ya sarufi aliweza kufungua hadithi na kuitafuta. Si watunzi wengi wa sarufi wa zama zile waliojiweka wazi kiasi hicho.

Katika kitabu cha sarufi Steere aligawa nomino katika ngeli nane, akiuhesabu umoja na wingi wake pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya viumbe wenye uhai, *mtu* na *watu*. Ya pili *mti* na *miti*. Ya tatu ya nomino zisizobadilika, kama *nyumba*. Ya nne *kiti* na *viti*. Ya tano ya zile zenye wingi wa *ma-*. Ya sita ya *u-*. Ya saba ilikuwa na neno moja tu, *mahali*. Na ya nane ilikuwa ya vitenzi-jina vya *ku-*. Kwa msomaji wa leo orodha hiyo haina ajabu. Ajabu yake inaonekana mtu akiuliza kwa nini *mahali* lipewe ngeli nzima. Kwa umbo, neno hilo lenye asili ya Kiarabu lingeweza kutupwa katika *ma-* na kusahauliwa. Steere alilitenga kwa sababu moja: husemwa *mahali pazuri pamepatikana*, na hakuna nomino nyingine iliyovuta *pa-* namna hiyo. Vivyo hivyo aliweka *kifaru*, *ng'ombe*, *rafiki* na *askari* chini ya upatanisho wa ngeli ya kwanza, ingawa hakuna hata moja kati ya hizo yenye *m-*. Pale umbo la nomino na upatanisho wake vilipogombana, upatanisho ulishinda. Huo ni uamuzi wa mwanasheria: jina la mtu katika hati halimthibitishi, matendo yake ndiyo yanayomthibitisha.

Ngeli ya tatu ndiyo iliyoonyesha thamani ya uamuzi huo. *Nyumba* moja ni *nyumba*, na *nyumba* kumi ni *nyumba*. Kivumishi nacho hakisaidii: *nyumba mpya* yaweza kuwa moja au mtaa mzima. Mwingereza aliyezoea kutafuta wingi mwishoni mwa nomino hubaki gizani hadi aifikie *imeanguka* au *zimeanguka*, *yangu* au *zangu*, *hii* au *hizi*. Wingi haumo katika jina la kitu; umo katika yanayosemwa juu yake. Kiingereza nacho kina nomino za namna hiyo, kama *sheep* na *fish*, ila huko kitenzi chake kilichochakaa hakiwezi kuziokoa. Anayekuta *the sheep slept* katika maandishi ya Kiingereza hana njia ya kujua kama alilala kondoo mmoja au lilikuwa kundi, na mtafsiri wa Kiswahili hawezi kuandika neno moja mbele mpaka ameamua: *kondoo alilala*, au *kondoo walilala*. Lugha mbili zinakutana katika nomino isiyobadilika. Moja imeweka akiba kwenye kitenzi, nyingine imeitumia ikaisha.

Ugumu huu Steere aliukuta kila siku katika tafsiri ya Agano Jipya, kazi iliyomchukua miaka mingi na ambayo wenzake waliiendeleza hadi Biblia nzima. Meza yake ilikuwa na lugha nne zisizokubaliana juu ya kuhesabu. Katika Kigiriki, nomino za jinsia isiyo ya kike wala ya kiume zikiwa katika wingi hupewa mara kwa mara kitenzi cha umoja, kana kwamba vitu vingi ni rundo moja. Kiarabu, lugha ya wasomi waliomsaidia, kina umoja, uwili na wingi. Lakini kitenzi kikitangulia kiima chake hubaki katika umoja hata kiima kiwe watu mia, na wingi wa vitu visivyo watu hupatanishwa kama mwanamke mmoja. Kiingereza kilikuwa kimepoteza tofauti ya wewe na ninyi katika mazungumzo, na kuihifadhi tu katika lugha ya kale ya Biblia. Kiswahili hakikukubali hata moja ya mambo haya. Mambo mengi *yamekwisha*, hayawezi *limekwisha*. Watu mia *wamekuja*, na wakitajwa baada ya kitenzi ni *wamekuja* vilevile.

Kuna mahali katika sura ya 22 ya Injili ya Luka ambapo Yesu anamwonya Simoni Petro. Shetani, anasema, amewataka wanafunzi wote. Lakini maombi aliyoomba ni kwa ajili ya Petro peke yake. Kigiriki hutumia wingi kisha umoja, sentensi mbili zinazofuatana. Msomaji wa Kiingereza cha kawaida, mwenye *you* moja kwa wote, hupitwa na zamu hiyo yote. Msomaji wa Kiswahili hawezi kupitwa, kwa sababu kitenzi chenyewe kinamlazimisha mtafsiri kuchagua kati ya *-wa-* na *-ku-*. Hapa lugha ambayo wageni wengi wa wakati ule waliihesabu kuwa ya soko na ya safari ilikuwa na zana ambayo lugha ya mabwana hao ilikuwa imeitupa.

Katika kazi hiyo Steere alikuwa na msaada ambao vitabu vya baadaye viliusahau mapema mno. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy, mzaliwa wa Barawa na kadhi aliyeheshimiwa sana Zanzibar, alimsaidia katika tafsiri ya Zaburi, ingawa wawili hao walikuwa wakibishana hadharani juu ya dini. Haikuwa ajabu kubwa mjini mle. Kadhi alijua Kiswahili fasaha ni kipi, askofu alijua kwamba hakijui kama kadhi, na wote wawili walipenda jambo lisemwe sawasawa.

Je, mgawanyo wa ngeli nane ulikuwa sahihi? Ulikuwa rahisi kufundisha, na hilo ndilo lililoupa nguvu. Lakini kuuhesabu umoja na wingi kama jozi moja kuna udhaifu ambao Bleek, aliyeko mbali, aliukwepa. Jozi hazikai pamoja siku zote. *Ugonjwa* huchukua wingi wa *magonjwa*, huku *ufunguo* ukichukua *funguo*. *Rafiki* huweza kuwa *rafiki* hao au *marafiki*. *Maji*, *maziwa* na *mafuta* yana wingi usio na umoja wake, ilhali *maji yamemwagika* kwa Mwingereza ni kitu kimoja kisichohesabika. Mwanafunzi aliyekariri jozi hujikwaa katika kila neno la namna hii na kuliita halina kanuni. Aliyehesabu kwa namba za Bleek huona kwamba umoja wa ngeli moja umeoa wingi wa ngeli nyingine, basi.

Udhaifu wa pili unaonekana zaidi mtu akitoka pwani. Steere mwenyewe alizisikiliza lugha za bara akiwa Zanzibar, akachapa makusanyo ya Kishambala mwaka 1867, na baadaye ya Kiyao na ya Kinyamwezi cha Unyanyembe, akiyapata kwa watu ambao misafara na utumwa viliwaleta mjini. Kiha hakikuwa miongoni mwake. Laiti kingekuwamo, kingemwonyesha jambo. Mtoto wa Rungwe Mpya aliyelelewa kwa Kiha ana *umuntu* na *abantu*, *ikintu* na *ibintu*, na anajua tangu utotoni kwamba kitenzi cha watu hupata *a-* na *ba-*. Kufika Kiswahili, nusu ya safari ameshaimaliza. Lakini katika lugha yake mnyama hufuata ngeli ya jina lake, si ngeli ya watu. *Inka*, yaani ng'ombe, haibadiliki katika wingi, na kitenzi chake huchukua *i-* kwa mmoja na *zi-* kwa wengi. Basi mtoto huyo akija darasani na kusema *ng'ombe zimetoroka*, anatumia kanuni iliyo kamili, ya zamani, inayofuatwa na lugha nyingi za Kibantu. Kanuni ya Unguja ndiyo iliyojitenga, kwa kuwakusanya wenye uhai wote chini ya *a-* na *wa-*. Tena kanuni hiyo ya Unguja haikuwakusanya kikamilifu: *ndugu zangu wamefika* ni Kiswahili safi, na ndani yake *zangu* bado inakumbuka ngeli ya *nyumba* wakati *wamefika* imekwisha kuihama. Mwalimu anayefuta *zimetoroka* kwa kalamu nyekundu ana haki ya kufanya hivyo, kwani Kiswahili sanifu kimeamua. Asimwambie tu mtoto kwamba hajui kuhesabu.

Steere alirudi Zanzibar mwaka 1872, peke yake, kwa kuwa mkewe alikuwa na afya dhaifu. Alikuta mji ulioharibiwa na kimbunga cha Aprili mwaka huo. Tozer alikuwa amechoka na kujiuzulu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na uwanja wa soko la Mkunazini ukaingia mikononi mwa misheni. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa hapo siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Steere alisimamia ujenzi mwenyewe, akiwa na mafundi wa mji, mawe ya matumbawe na chokaa. Paa la kuba alilolichagua lilifanya wengi watabiri kwamba litaanguka. Halikuanguka, na kanisa lilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1879. Katikati ya hayo alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu, Agosti 1874. Alikuwa ametembea hadi kwa mfalme Mataka wa Wayao mwaka 1875. Na mwaka uliofuata alikuwa amewaongoza watu waliokombolewa hadi Masasi, walikoanzisha kijiji chao. Mwaka 1878 alitoa kitabu kidogo cha mazoezi ya Kiswahili, ambacho pengine kilipita katika mikono mingi kuliko maandishi yake yote, kwa sababu kilikuwa chepesi na kilianza na upatanisho badala ya kuumalizia.

Alifariki Zanzibar mwishoni mwa Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Kamusi kubwa ya Krapf ilitoka mwaka huohuo, mwandishi wake naye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Wazee wawili wa sarufi ya Kiswahili, mmoja wa Mombasa na mwingine wa Unguja, waliondoka karibu pamoja, na kwa muda wa miaka arobaini na zaidi haikuwa wazi ni lahaja ya nani ingefuatwa. Arthur Cornwallis Madan, aliyefanya kazi chini ya Steere, alikisahihisha na kukitoa upya kitabu cha mwalimu wake, kisha akatunga kamusi zake mwenyewe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, vitabu vilivyokuwa tayari mezani vilikuwa vya mkondo huo.

Ngeli nane hazikudumu kama alivyoziacha. Ethel Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliziita ngeli kwa viambishi vya nomino, M-WA, M-MI, KI-VI. Baadaye shule za Afrika Mashariki zikazoea kuziita kwa viambishi vya kitenzi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI. Majina haya ya pili yanamweka *kifaru* na *ng'ombe* pamoja na *mtu*, kama Steere alivyofanya, na kwa sababu ileile. Neno lake la upweke, *mahali*, limepata majirani. Steere alizitazama nomino zenye *-ni*, kama *nyumbani* na *shambani*, kama hali tu ya nomino nyingine, ingawa alizieleza vizuri zile sauti tatu, *pa-*, *ku-* na *mu-*, zinazozifuata. Wataalamu waliokuja baadaye walizihamishia kwa *mahali*, na ngeli ya neno moja ikawa ngeli ya mahali pote. Rungwe Mpya imebaki katika I-ZI. Lakini mtu akisema *Rungwe Mpya pamependeza*, hakuna mwalimu atakayemsahihisha.